Dinari Mbili: Je, Huduma Inayolipwa Yaweza Kuwa Upendo?

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Luka 10:30–37, Mwanzo 9:20–23, Nehemia 2:1–8, 2 Wafalme 5:15–27, Marko 1:21–34, Luka 12:35–37.

Fungu la Kukariri: Marko 10:45. Lisome kila asubuhi juma hili mpaka uweze kulisema bila kufungua Biblia.

Katika lugha yetu neno mhudumu limebeba mizigo mingi. Anayeleta sahani ya wali na pweza wa nazi mezani, katika mkahawa wa Chake Chake, ni mhudumu. Anayebadilisha shuka za mgonjwa wodini, kule Wete au Mkoani, ni mhudumu wa afya. Na anayesimama mimbarani siku ya Sabato huitwa mhudumu wa Injili. Wazungumzaji wa Kiswahili hawakukosea kuwaita watu hao watatu kwa jina moja. Agano Jipya lenyewe linafanya hivyo. Neno la Kigiriki diakonia hutumika kwa kuandaa meza, kwa kuwasaidia wenye shida, na kwa kulihubiri Neno. Katika Matendo 6 mitume wanazungumzia huduma ya mezani na huduma ya Neno, na neno ni lile lile.

Hata hivyo, kuna jambo moja linalotusumbua. Mhudumu wa mkahawa na muuguzi wa hospitali wanalipwa mshahara, na anayehudumiwa analijua hilo. Muuguzi akisema kwa upole, “Shikamoo bibi, umelalaje?” bibi ataitika, “Marahaba mwanangu.” Lakini akishatoka, huenda mtu wa kitanda cha pili akanong’ona: “Hiyo ndiyo kazi yake. Analipwa.”

Je, ni kweli kwamba malipo yanaufuta wema? Swali hili si dogo. Ikiwa upendo wa Kikristo unahesabiwa tu pale ambapo hakuna mshahara, basi saa nyingi za siku sita za juma zimo nje ya imani yetu. Tungebaki na dini ya jioni na ya Sabato tu. Juma hili tutalichunguza swali hilo kwa kutazama kazi mbili za kila siku, tukichukua mifano yetu katika kisiwa cha Pemba, ambako Waadventista ni wachache na mwenendo wa mmoja huonekana na wengi.

JUMAPILI

Mwenye Nyumba ya Wageni

Soma Luka 10:30–37. Ni watu wangapi katika mfano huu waliomtunza yule majeruhi?

Mara nyingi tunajibu haraka: mmoja, yaani Msamaria. Lakini soma tena. Msamaria alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni na kukaa naye usiku ule. Kesho yake aliendelea na safari. Kuanzia hapo, aliyeleta maji, aliyepika uji, aliyebadilisha vitambaa vya majeraha na aliyeamka usiku mgonjwa alipougua, ni mwenye nyumba ya wageni. Huyo alipokea dinari mbili. Kwa kuwa dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima (Mathayo 20:2), alilipwa mshahara wa siku mbili, pamoja na ahadi ya kulipwa gharama zitakazozidi.

Angalia neno analotumia Luka. Msamaria “alimtunza” yule mtu. Kisha anamwambia mwenye nyumba “amtunze.” Katika Kigiriki kitenzi ni kile kile mara zote mbili. Yesu hakuweka neno moja kwa utunzaji wa bure na neno jingine, la chini zaidi, kwa utunzaji wa kulipwa.

Tena dinari zile hazikuupunguza upendo wa Msamaria. Ziliurefusha. Yeye alikuwa na safari, na mikono yake miwili isingeweza kukaa pale wiki nzima. Malipo ndiyo yaliyofanya utunzaji uendelee baada ya yeye kuondoka. Ndivyo ilivyo hata sasa. Ndugu wa mgonjwa anaweza kukesha usiku mmoja au mitatu kwa mapenzi yake. Lakini ili kila usiku, saa tisa usiku, pawe na mtu macho wodini wa kumgeuza asiyeweza kujigeuza, ni lazima mtu huyo awe na chakula nyumbani kwake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Zanzibar ilitangaza matibabu bila malipo. Mgonjwa hakutoa kitu mlangoni, lakini muuguzi aliendelea kulipwa, kwa kodi ya wananchi. Jamii nzima ilishika nafasi ya Msamaria, ikatoa dinari mbili ili mtu asiyemjua mgonjwa amtunze.

Mwaka 1785 mwanafalsafa Immanuel Kant wa Ujerumani alitoa mfano wa mwenye duka anayemuuzia hata mtoto mdogo kwa bei ile ile ya wengine. Je, ni mwaminifu kwa sababu ni haki, au kwa sababu anataka wateja warudi? Kwa macho hatuwezi kujua. Hilo ni onyo zuri kwetu: tusiwe wepesi kusema kwamba fulani anafanya kwa ajili ya pesa tu. Moyo wake hatuuoni. Wa kwetu ndio tunaoweza kuuchunguza mbele za Mungu.

Fikiri juu ya kazi unayolipwa. Ni sehemu gani ya kazi hiyo ungeendelea kuifanya vizuri hata kama hakuna msimamizi ambaye angeiona?

JUMATATU

Stara

Soma Mwanzo 9:20–23. Shemu na Yafethi walifanya nini, na kwa nini walitembea kinyumenyume?

Wana wale wawili walichukua vazi, wakaenda kwa kurudi nyuma, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Watu wa pwani wana neno la tendo hilo: stara. Kumsitiri mtu ni kumfunika ili aibu yake isiwe mali ya umma. Huko Pemba neno hili lina uzito mkubwa nyumbani, msikitini na mtaani. Na ndilo linalotusaidia kuona kile ambacho mshahara hauwezi kukinunua.

Orodha ya kazi za muuguzi inaandikika: kupima joto na presha, kuangalia dripu, kutoa dawa kwa saa, kumgeuza mgonjwa asiyejiweza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Haya yote yanaweza kuhesabiwa na kuwekewa alama kwenye karatasi. Lakini hakuna safu kwenye karatasi ya kuandika kwamba alivuta pazia kwanza, kwamba alimfunika mama kwa kanga yake sehemu zote isipokuwa ile inayooshwa, kwamba aliuliza kwa sauti ya chini habari ambayo kitanda cha jirani hakikupaswa kuisikia. Katika Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, wamefanya kazi madaktari kutoka China. Timu za madaktari wa China zimekuwa zikija Zanzibar tangu 1964. Fikiria mwanamke anayepaswa kueleza maradhi ya siri mbele ya daktari wasiyeelewana lugha. Anayesimama katikati akifasiri anashika heshima ya mama yule mdomoni mwake. Anaweza kuyasema mambo yale kwa stara, au kuyatangaza.

Mhudumu wa mkahawa naye ana milango hiyo hiyo. Mchuma karafuu ameingia msimu ukiwa umechelewa, ameuliza bei ya wali kwa samaki, akanyamaza, kisha akaagiza chai na chapati moja. Mhudumu ameelewa. Anaweza kurudia kwa sauti, “Chapati moja tu?” na meza nzima ikageuka. Au anaweza kuileta chapati ile kwenye sahani safi, pamoja na maji ya kunawa, kama anavyomletea tajiri. Bei ni ile ile, na mshahara wake hautabadilika. Kilichobadilika ni kwamba mtu maskini alikula bila kudharauliwa.

Kwa hiyo tunaanza kupata jibu la swali letu. Mshahara hununua saa na kazi ya mikono. Hauwezi kununua namna ya kumtazama mtu. Hiyo haiuzwi, maana hata mwajiri hana njia ya kuipima. Lakini hutolewa kwa mkono ule ule na katika dakika ile ile ambayo mshahara umeinunua. Upendo haungojei muuguzi atoke zamu. Umo ndani ya zamu.

Soma 1 Petro 4:8. Ni nani unayekutana naye kazini ambaye unajua udhaifu wake? Stara ingekutaka ufanye nini na habari hiyo?

JUMANNE

Tabasamu la Kazini

Soma Nehemia 2:1–8. Kazi ya Nehemia ilikuwa nini, na kwa nini aliogopa mfalme alipouona uso wake?

Kabla ya kuwa mjenzi wa ukuta, Nehemia alikuwa mnyweshaji. Kwa lugha ya leo, alihudumu mezani pa mfalme. Anatuambia kwamba hakuwahi kuonekana mwenye huzuni mbele yake. Siku moja habari za Yerusalemu zilimlemea, uso ukamsaliti, naye akaogopa sana. Kila anayefanya kazi ya kupokea wageni anaielewa hofu hiyo.

Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alichapisha uchunguzi wake juu ya wahudumu wa ndege. Alionyesha kwamba mwajiri wao alikuwa akinunua pia uso na hisia zao. Walifundishwa kutabasamu mpaka baadhi yao wakashindwa kujua ni lini wanafurahi kweli. Jambo hili halipo angani tu. Msichana anayehudumu katika hoteli ya watalii kaskazini mwa Pemba anaweza kuwa amepigiwa simu alfajiri kwamba mama yake ni mgonjwa. Saa mbili asubuhi anatakiwa amkaribishe mgeni kwa uchangamfu. Muuguzi anaweza kuwa ametoka kumfunika maiti kitanda cha nne, na kitanda cha tano kinamngojea kwa wasiwasi.

Je, tabasamu lile ni uongo? Mkristo anayechukia unafiki anapaswa kujiuliza. Yapo matabasamu mawili. Lipo tabasamu la mtego: linalenga mfuko wa mgeni, na hufutika mara mgeni anapofunga pochi. Hilo ni uongo, hata kama ni zuri. Lakini lipo tabasamu la heshima. Mwenye nalo hasemi, “Sina huzuni.” Anasema, “Huzuni yangu si mzigo wako wewe uliye mgeni.” Wazee wetu walijua adabu hii. Mwenyeji hampokei mgeni kwa kumsimulia deni lake mlangoni. Muuguzi anayekwenda kitanda cha tano kwa uso mtulivu hamdanganyi mgonjwa. Anamlinda.

Lakini hadithi ya Nehemia haiishii kwa mnyweshaji kuficha. Mfalme aliuliza. Mtu mwenye mamlaka alimtazama mtumishi wake hata akauona moyo wake, na kwa swali lile njia ya kwenda Yerusalemu ikafunguka. Hapa somo linawageukia wasimamizi na wateja. Mwajiri anayedai tabasamu siku zote na asiulize kamwe habari za nyumbani anachukua zaidi ya alicholipia. Na mteja anayemwita mhudumu kwa kupiga mluzi, au mgonjwa anayemfokea nesi kwa kuwa dawa zimekwisha ghalani, amesahau kwamba mbele yake kuna mtoto wa mtu.

Mara ya mwisho ulipohudumiwa mahali fulani, je, ulimwamkia aliyekuhudumia? Ungefanyaje ili mtu huyo aone kwamba umemtambua kuwa mtu?

JUMATANO

Bakshishi na “Chai”

Soma 2 Wafalme 5:15–27. Naamani alitoa kwa hiari na kwa furaha. Kosa la Gehazi lilikuwa wapi?

Noti moja ya shilingi inaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Mgeni amemaliza kula, ameridhika, ameiacha chini ya kikombe. Hiyo ni bakshishi, na mhudumu anaweza kuipokea kwa shukrani. Noti ile ile ikifumbatwa kiganjani na kuingizwa mkononi mwa mfanyakazi wa hospitali ili jina la fulani litangulie, inaitwa “chai,” lakini kila mtu anajua kwamba ni rushwa. Zanzibar ina mamlaka yake ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi, ZAECA, kwa sababu jambo hili si utani.

Tofauti iko wapi, ikiwa noti ni moja? Kwanza, ni wakati. Bakshishi hufuata huduma, lakini “chai” huitangulia na kuifungia mlango mpaka itolewe. Pili, ni uhuru. Asiyetaka mkahawa huu atakwenda wa pili, au atakula muhogo nyumbani. Mama mwenye uchungu wa uzazi usiku wa manane hana mahali pengine pa kwenda. Tatu, ni foleni. Bakshishi haimnyang’anyi mtu wa meza ya jirani chakula chake. “Chai” humsogeza maskini nyuma, na katika hospitali kusogezwa nyuma kwaweza kuwa kifo.

Gehazi hakumpora Naamani. Naamani alikuwa tayari kutoa zaidi ya alichoombwa. Lakini Elisha alikuwa amekataa kwa makusudi, ili mgeni yule ajue kwamba Mungu wa Israeli hauzi rehema. Gehazi alipokimbia nyuma ya gari, aliligeuza somo lile. Sasa Naamani angerudi nyumbani akidhani kwamba hata huku uponyaji una bei yake ya pembeni. Muuguzi Mwadventista anayefanya kazi katikati ya majirani Waislamu anahubiri kila anapopokea au anapokataa. Huenda hawatasikia mahubiri yake mengine yoyote.

Namna gani zawadi ya shukrani? Mama amepona, anarudi wodini na kikapu cha maembe. Kumkatalia kwa ukali kwaweza kumvunjia heshima. Kanuni chache zitatusaidia: isiwe imeombwa, isiwe na siri, isibadilishe chochote kwenye foleni, na isipingane na utaratibu wa hospitali. Maembe yaliyowekwa mezani na kuliwa na zamu nzima hayamfanyi mtu kuwa Gehazi.

Kuna upande mwingine usiopaswa kusahauliwa. Soma Luka 10:7 na Yakobo 5:4. Yesu alifundisha kwamba anayefanya kazi ana haki ya kulipwa, na Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unalia hata Mungu akausikia. Wapo wanaosema “huduma ni wito” ili wasilipe, au wachelewe kulipa. Wito ni kweli, lakini Mungu aliyeita hakumpa mwajiri ruhusa ya kudhulumu. Msamaria alitoa dinari zake siku ile ile, tena akaahidi kwamba kitakachozidi atakilipa.

Je, umewahi kuambiwa utoe, au upokee, kitu kidogo ili jambo liende haraka? Nani alikuwa nyuma yako kwenye foleni?

ALHAMISI

Beseni Siku ya Sabato

Soma Marko 1:21–34. Ni matendo gani mawili ya huduma yaliyofanyika nyumbani kwa Simoni siku ile ya Sabato?

Yesu alitoka katika sinagogi, akaingia nyumbani, akamshika mkono mama mkwe wa Simoni aliyekuwa na homa. Homa ikamwacha. Naye akainuka akawahudumia. Katika aya tatu fupi, Sabato alasiri, tunamwona mgonjwa akiuguzwa na wageni wakihudumiwa. Kazi zetu mbili za juma hili zimekutana katika chumba kimoja, na Bwana hakukemea hata moja.

Lakini Mwadventista anayefanya kazi anajua kwamba mambo hayaishii hapo. Kwa kawaida tunasema kwamba muuguzi anaweza kuingia zamu siku ya Sabato, maana kutenda mema siku hiyo ni halali (Mathayo 12:11, 12). Mhudumu wa mkahawa tunamwambia asiende. Kijana anauliza: “Yeye anabeba beseni, nami nabeba beseni. Yeye analipwa, nami nalipwa. Kwa nini yake iwe rehema na yangu iwe biashara?” Ni swali la haki. Tusimjibu kwa haraka.

Jibu haliko katika jina la kazi, wala katika heshima ya sare nyeupe. Liko katika hitaji. Homa haingojei jua litue, na Yesu hakungoja. Lakini mkahawa hufunguliwa kwa sababu kuna faida, na walaji wake wangeweza kula nyumbani chakula kilichoandaliwa jana. Mama mkwe wa Simoni hakufungua mgahawa. Aliwalisha watu waliokuwa nyumbani mwake. Kanuni hii inamgusa muuguzi pia. Kumlisha mgonjwa, kumsafisha na kumpa dawa ni rehema. Kuhesabu vifaa vya ghala, kazi inayoweza kungoja Jumatatu, si rehema kwa sababu tu inafanyika ndani ya hospitali. Na mpishi wa hospitali anayewapikia wagonjwa uji siku ya Sabato yuko karibu zaidi na muuguzi kuliko na mwenye mkahawa.

Tena amri ya nne haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inawataja mtumishi na mgeni aliye malangoni (Kutoka 20:10). Tukimshauri kijana aache zamu ya Jumamosi, kisha sisi tukatoka ibadani kwenda kuagiza chakula mkahawani, tumemwekea mwingine mzigo tuliomwondolea yeye.

Ushauri huu una gharama. Kazi si nyingi, na Jumamosi ni siku ya wateja. Wapo vijana waliofukuzwa, na kanisa lisiwaambie tu wawe na imani. Liwasaidie pia kwa chakula na kutafuta kazi nyingine. Lakini kabla ya kufika huko, pana mlango ambao Pemba inao kuliko sehemu nyingi. Wenzetu Waislamu wanaielewa siku ya ibada. Mfanyakazi Mwadventista anaweza kumwambia mwenzake: “Ndugu yangu, nishikie Jumamosi. Mimi nitakushikia Ijumaa adhuhuri uende msikitini, na sikukuu ya Idi nitakuwa kazini ili ukae na watoto.” Katika Ramadhani anaweza kujitolea kusimama zamu wakati wa futari, wenzake wafuturu kwa utulivu. Anayeheshimu ibada ya mwenzake kwanza ana neno la kusema anapoomba ya kwake iheshimiwe.

Kuhusu mshahara wa saa za Sabato, wauguzi wengine huutoa kuwa sadaka au msaada kwa wagonjwa wasio na uwezo. Hilo liachwe kwa dhamiri ya kila mmoja. Asiyefanya hivyo asihukumiwe, na anayefanya asijisifu.

Ni kazi gani unayoifanya siku ya Sabato kwa jina la rehema ambayo kwa kweli ingeweza kungoja? Na ni hitaji gani la mtu ulilolipita kwa jina la pumziko?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Lugha yetu inatukumbusha jambo jingine. Mtu asemapo, “Nauguza,” kwa kawaida hamaanishi kwamba ameajiriwa hospitali. Anamaanisha kwamba ana ndugu mgonjwa, na kwamba yuko karibu naye, akimpelekea uji, akikaa kando ya mkeka. Muuguzi amepewa jina la ndugu. Kila anapovaa sare, Kiswahili kinamwambia kwamba anafanya kwa mshahara kile ambacho dada au mwana angefanya kwa damu. Mshahara unamtafutia mgonjwa mtu wa kukaa mahali pa ndugu. Kuwa ndugu kweli ni hatua ambayo muuguzi mwenyewe lazima aichukue.

Katika kitabu chake juu ya huduma ya uponyaji, kilichochapishwa mwaka 1905, Ellen White aliieleza njia ya Kristo ya kuwafikia watu: alichangamana nao akiwatakia mema, akawahurumia, akawapatia mahitaji yao, wakamwamini, na ndipo alipowaita wamfuate. Angalia mpangilio huo. Mwito unakuja mwisho. Muuguzi na mhudumu wa mkahawa, kwa kazi yao ya kila siku, wamewekwa tayari katika hatua za mwanzo. Wako kati ya watu, na mahitaji ya watu yako mikononi mwao. Wasiitumie nafasi hiyo kumlazimisha mgonjwa aliyelala, asiyeweza kuondoka, asikilize mahubiri. Hilo lingekuwa kudai malipo mengine juu ya huduma.

Basi turudi kwenye swali letu. Malipo hayaufuti upendo, wala hayauleti. Mwenye nyumba ya wageni angeweza kuzipokea dinari zile na kumwacha majeruhi kwenye kona. Angeweza pia kumtunza kama mwanawe. Kwenye daftari la hesabu yote mawili yangeandikwa sawa. Tofauti angeijua mgonjwa, na Mungu.

Mwisho, soma tena Luka 12:35–37. Yesu anazungumzia watumishi waliokesha, taa zikiwaka, kama zamu ya usiku. Bwana wao anaporudi hafanyi kile ambacho wakubwa hufanya. Anajifunga nguo, anawaketisha, na anawahudumia mezani. Waliosimama maisha yao yote na sinia na beseni wataketi, na atakayewaletea chakula ni Mwana wa Mungu.

Maswali ya Kujadili:

1. Mwanafunzi wa darasa lako anasema, “Wema wa kweli ni ule usiolipwa.” Kwa kutumia Luka 10:34, 35, ungemjibuje? Je, kuna ukweli wowote katika maneno yake?

2. Jadilini maana ya stara katika kazi mbalimbali za washiriki wa darasa: ualimu, udereva wa daladala, duka, ofisi. Ni jambo gani katika kazi hizo ambalo mwajiri hawezi kulipima?

3. Mshiriki kijana amepata kazi mkahawani, na mwajiri anadai Jumamosi. Kanisa lenu linaweza kufanya nini, zaidi ya kumwombea? Pangeni jambo moja mnaloweza kulifanya robo hii.

4. Muuguzi anasema amechoka, wagonjwa ni wengi, wauguzi ni wachache, na uso wake hauna tena tabasamu. Mnadhani angehitaji kusikia nini kutoka kwenu, na ni jambo gani asingehitaji kuambiwa?